Ukuta wa Majivu

Wifi yangu Mukabera aliona aibu mpaka akaacha kwenda kisimani. Mwanamke wa Isingiro akiacha kwenda kisimani, jua mambo yamemfika shingoni. Mimi ndiye niliyekuwa namchotea maji. Narudi na ndoo kichwani namkuta jikoni, mlango ameuegesha, moshi umemjaa, tumbo ndiyo kwanza limeanza kuchomoza. Nikimwambia atoke nje apate hewa ananijibu, "Bora moshi kuliko watu, wifi."

Na ile nyumba ya uzazi iliyokuwa inataka kujengwa pembeni ya zahanati, ambayo ingemfaa yeye kuliko mwanamke mwingine yeyote kijijini, akaapa hataikanyaga. Atajifungulia humo humo jikoni, liwalo na liwe. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi, kwa sababu hilo liwalo nilikuwa nalijua. Tulishalizika mara mbili.

Mimi naitwa Costansia, mtoto wa kwanza wa mzee Rwegasira na mama Kokushubira. Niliolewa upande wa Nyakahanga, ndoa ikanishinda, nikarudi kwetu. Nasema mapema usije ukaniuliza katikati ya maneno. Mukabera ni mke wa mdogo wangu Yustus. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani, wakaja kuchuma kahawa za watu, wakabaki. Yustus alimuoa mwaka ule wanajeshi walipokuwa wanarudi kutoka Uganda, watu wana furaha, hata pombe ya harusi ilinywewa bila mtu kugombana.

Msichana mwenyewe, jamani, heshima alikuwa nayo mpaka ya kubakiza. Wengine tulijifunza adabu za ukweni kwa kufinywa, yeye alikuja nazo. Jina la Baba hakulitaja hata mara moja. Kiti chake hakukikalia. Baba alikuwa na mkeka wake wa kupumzikia mchana kwenye kibanda cha kahawa, na Mukabera akitaka kufagia pale alisubiri Mama aje aukunje kwanza, kwa sababu kwetu mkamwana halali wala hakai mahali baba mkwe alipolaza mwili. Hilo halina mjadala, hata mlevi analijua.

Na Baba naye alimheshimu. Akitaka kupita nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, alikuwa anakohoa kwanza. Hakuwa mgonjwa, kilikuwa kikohozi cha makusudi, kikavu, kimoja tu. Mukabera akikisikia anavuta khanga kichwani, anageukia pembeni, Baba anapita akiangalia migomba. Miaka yote waliishi hivyo, na mimi nakwambia sijawahi kuona watu wawili wanaopendana vizuri kama wale, bila kutazamana.

Mimba ya kwanza uchungu ulimshika wakati wa mvua. Wanaume wakamweka kwenye engozi, lile tenga la kubebea wagonjwa mabegani, wakashika njia ya kwenda hospitali Nyakahanga. Kutoka kwetu siyo mwendo wa kusema. Mtoto akazaliwa njiani, kwenye majani, hakulia. Ya pili hivyo hivyo, njia ile ile. Wakati huo zahanati yetu ilikuwa chumba cha sindano na benchi la kusubiria, basi. Miaka ikapita kavu, watu wakaanza kumwambia Yustus aangalie kwingine. Halafu mwaka themanini na nane Mukabera akashika mimba tena, na mwaka huo huo wakaja wale watu wa kuchora majengo.

Walitoka Mwanza, ofisi ya wasanifu majengo. Aliyekuwa anawaongoza ni mwanamke, Eugenia, nywele fupi, suruali, penseli imechomekwa sikioni. Tukamwita Injinia. Akatusahihisha kwamba yeye siyo injinia, ni msanifu. Tukaitikia, tukaendelea kumwita Injinia.

Alisema ofisi yao haitaki kuchorea nyumba Mwanza halafu watuletee kama barua. Wanataka kukaa na sisi, watufundishe kusoma michoro, halafu tuseme wenyewe tunataka nini. Sisi tukatazamana. Enzi za vijiji walikuja watu na kamba wakatuambia nyumba zikae kwenye mstari, na hakuna aliyetuuliza mstari tunautaka au hatuutaki. Sasa huyu anatuuliza dirisha likae wapi. Wazee wengine walidhani ni mtego.

Lakini mwanamke yule alikuwa na moyo, tusimseme vibaya. Asubuhi alifundisha watoto shuleni. Aliwakusanyia maboksi ya sabuni wakayakata madirisha, wakayabeba hadi juani kuangalia mwanga unavyoingia. Mchana alitufundisha sisi wakubwa, chini ya paa la darasa lile lile, tumebanana kwenye madawati ya watoto magoti yakigonga kidevu. Anatandika karatasi mezani anasema, "Hapa ni mlango. Hapa ni ukuta. Hiki ni kitanda." Wengi wetu tuliona mistari. Mukabera aliona nyumba.

Sijui alikuwa amelificha wapi lile jicho. Aliangalia karatasi mara moja akasema, "Hapa mama akitoka chooni atapita mbele ya wanaume." Injinia akaangalia, akacheka, akafuta. Siku nyingine akachukua maharage akayapanga mezani kutuonyesha ukuta unapozunguka, na sisi wenye vichwa vigumu tukaelewa. Injinia akawa anamwita mbele. Nilimwona wifi yangu, mtu wa kuongea na sufuria, amesimama mbele ya watu na chaki mkononi, anang'aa. Nilijivuna kama vile nimemzaa mimi.

Basi ikafika siku ya kuichora nyumba chini, kwa ukubwa wake wenyewe, kwenye kiwanja. Kiwanja alikitoa Baba, lilikuwa shamba lake la viazi, na kwa sababu hiyo akafanywa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Injinia akasema chokaa ni ghali, atatumia majivu, kila nyumba ichangie. Wanawake tukakomba mafiga yetu, tukaja na makarai na vikapu. Watoto wa shule wakavuta kamba, wakamwaga majivu kwa mstari, na ilipofika saa nne nyumba ilikuwa imelala pale chini, vyumba vyake, korido yake, milango yake, nyeupe kwenye udongo mwekundu.

Kuna jambo moja Injinia hakulitegemea. Aliwaambia watu, "Majivu haya ni ukuta. Ukiwa ndani, wa nje hawakuoni." Yeye alikuwa anafundisha tu. Sisi tukakubali kabisa. Watu wakaanza kupiga hodi kwenye mlango ambao haupo. Mama yangu alivua kandambili kabla ya kuingia. Jirani yetu Sibomana, mtu wa mzaha sana, alikatisha kwenye mstari na watoto wakamkemea kwamba ametoboa ukuta, ikabidi arudi azunguke apitie mlangoni. Tulicheka lakini tulizunguka wote. Kwetu nyumba ukishaionyesha mlango, ni nyumba.

Injinia akaomba mwanamke mmoja aingie chumba cha kujifungulia aonyeshe mzazi anavyolala, mkunga anasimama upande gani, ili wajue kitanda kikae wapi. Wanawake wakasukumana. Mukabera akaenda.

Alipita korido, akafungua mlango wa hewa, akaufunga nyuma yake. Niliuona mkono wake ukizungusha kitasa. Akatandika khanga, akalala chali, akapandisha magoti. Injinia akamwambia, "Fanya kama kweli, mama, usiogope." Na yeye akafanya kama kweli. Mtu aliyezalia njiani mara mbili, juu ya majani, wanaume wamegeuza migongo, leo amepewa chumba chake chenye ukuta, unadhani angefanyaje? Aliushika udongo, akasukuma, akalia kile kilio, gauni limeporomoka mpaka mapajani. Alikuwa amefumba macho. Mimi nilisahau kwamba tuko kiwanjani. Nilikuwa naombea mtoto atoke salama.

Baba alikuwa amesimama kwenye korido. Alikuwa mwenyekiti, ameambiwa akae pale kupima kama machela itageuka. Kati yake na mkamwana wake palikuwa na mstari wa majivu, upana wa kiganja.

Aliyecheka kwanza ni Sibomana. Mukabera akafungua macho, na uso wa kwanza aliouona ulikuwa wa Baba. Baba alivua koti akajifunika nalo kichwani, akaondoka. Hakupitia mlangoni. Alikwenda moja kwa moja, akazivuka kuta zote, majivu yakamrukia kwenye viatu. Mukabera akabaki amekaa chini anavuta gauni lifike miguuni, na lilikuwa halifiki. Kicheko kikasambaa kiwanja kizima. Injinia alikuwa anauliza, "Nini? Kimetokea nini?" Hakuna aliyemjibu. Ungemwelezaje?

Nilimfunga khanga nikamrudisha nyumbani kwa njia ya mashambani. Hakulia. Alikuwa anasema neno moja, "Nimemvua Baba nguo." Nikamwambia hukumvua wewe, akanijibu yeye ndiye aliyelala.

Tangu hapo hakutoka. Kule nje wakakipa chumba jina, chumba cha Mukabera. Ukienda kununua chumvi unasikia, kitanda kitakaa hapa, kwenye chumba cha Mukabera, wanabinyana. Mimi nilitukana watu wawili watatu, haikusaidia. Makosa ya ukweni kwa kawaida yanafutwa kwa pombe na kuku, wazee wanakaa wanamaliza. Lakini hili lilionwa na kijiji kizima. Utawachinjia wote kuku?

Yustus mdogo wangu akawa wa kukaa na kukuna kichwa. "Itapita," anasema. Nikamwuliza, "Itapita lini, na mimba inasubiri?" Akaenda kupalilia. Mama alijaribu kwa upole, alimweleza habari za mkunga atakayekaa pale usiku na mchana, na maji ya moto, na kitanda. Mukabera alisikiliza, akasema, "Mama, nitalalaje tena pale? Kila atakayeingia ataniona ninavyolala." Mama akainuka akaenda kuchochea moto. Mimi pia ningeinuka.

Na Baba? Baba aliacha kula nyumbani. Alihamia kwenye kibanda cha kahawa, chakula anapelekewa. Akitaka kwenda barabarani alizunguka kwa jirani, njia ndefu, ili asipite upande wa jikoni. Kwa hiyo akawa hana sababu ya kukohoa. Kile kikohozi kikapotea kabisa nyumbani kwetu, na Mukabera alikiona kimepotea. Siku moja aliniambia, "Hata kukohoa ameacha. Sistahili hata hilo."

Maneno yale yalinichoma. Nilikwenda kibandani nikamweleza Baba kila kitu, kwamba ameapa kuzalia jikoni, kwamba sababu ni hii. Mimi mtoto wa kwanza naruhusiwa kumkera. Alikuwa anachambua kahawa. Hakuinua uso, akaniuliza, "Wanakiitaje kile chumba?" Nikamwambia. Akaendelea kuchambua.

Injinia akarudi baada ya wiki kadhaa kuhakikisha mchoro kabla ya kuchimba msingi. Mvua ilikuwa imefuta majivu, watoto wakayamwaga upya kwa kufuata vigingi. Watu walijaa, wengine walikuja kwa ajili ya kucheka tu. Injinia akasalimia, "Shikamooni wazee," akaanza kueleza. Baba akasimama, akasema kwamba mwenyekiti anataka kukagua.

Akaenda hadi mlangoni. Akapiga hodi. Akapita korido, akaingia kile chumba, akafunga mlango wa hewa. Halafu mzee Rwegasira, mzee wa kanisa, mtu anayesoma matangazo Jumapili, na koti lake na kofia yake, akalala chali kwenye udongo. Akapandisha magoti. Akaweka mikono tumboni.

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mama alijiziba uso. Watu wengine walicheka, kicheko kile cha kushtuka, kikakatika chenyewe. Baba akiwa pale pale chini akasema kwa sauti ya kawaida, "Injinia, pima. Kitanda kinatosha?" Injinia, maskini, alichukua futi akapima kweli. "Kinatosha, mzee." Baba akasema, "Sibomana, nimelala vizuri?" Sibomana akaangalia viatu vyake. "Basi kuanzia leo mkikitaja, kiiteni chumba changu. Mkitaka kucheka, nichekeni mimi." Ndipo akanyanyuka, na magoti yake hayakuwa mazuri, ilibidi ashike ardhi kwanza kwa mikono yote miwili. Mgongo mzima ulikuwa wa udongo.

Nilikimbia nyumbani kama msichana. Nilimkuta Mukabera anamenya ndizi, nikamsimulia mbio mbio, jinsi Baba alivyolala, jinsi Sibomana alivyofyata. Machozi yakaanza kumtoka, kisu mkononi. Alifuta kwa kiwiko. Nikadhani yamekwisha, nikaanza kucheka peke yangu.

Halafu akaniuliza polepole, "Baba amelala pale?"

"Amelala, nakwambia. Chali kabisa."

"Pale pale?"

Hapo ndipo na mimi nilipoelewa. Nilikaa chini kwenye maganda ya ndizi. Mahali baba mkwe alipolaza mwili mkamwana halali. Baba alitaka kumwondolea aibu, na akamfungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Mwanzo alikuwa haendi kwa sababu ya maneno ya watu. Sasa haendi kwa sababu haiwezekani, hata watu wakinyamaza miaka yote. Mukabera akasema, "Mwambieni asijilaumu. Nitazalia hapa hapa."

Nani amwambie? Tulisukumiana mimi na Mama mpaka jioni. Mama akaenda kibandani, mimi nikamfuata nikasimama kwenye migomba. Mama alimwambia kwa maneno machache. Nilimwona Baba anavua ile kofia, anaiangalia ndani, kama mtu aliyedondosha kitu humo. Yule alikuwa ameshajidhalilisha mbele ya kijiji kwa ajili ya mkamwana wake, na sasa anaambiwa udhalili wenyewe umeharibu. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Nilimkasirikia nani, sijui.

Asubuhi akanichukua tukaenda shuleni. Injinia alikuwa na darasa la sita, anawafundisha namna ya kuchagua mahali pa kujenga: jua, upepo, mteremko. Baba akasimama mlangoni, kofia mkononi. Watoto wakasimama, "Shikamoo babu." Akawaitikia. Akamwambia Injinia kamati inaomba nyumba isogezwe kidogo kuelekea zahanati, hatua chache tu, ili pale palipochorwa chumba cha mwisho, kile cha kujifungulia, pabaki nje.

Injinia akafurahi. Kazi yake yote ilikuwa kutuomba tuseme, na leo tumesema. Akaweka chaki chini. "Sawa kabisa, mzee. Kwa sababu gani?"

Baba aliizungusha kofia mkononi. Mimi nilikuwa nyuma yake naona shingo yake. Angesema nini? Amwambie mwanamke mgeni, mbele ya watoto wa watu, kwamba mkamwana wangu hawezi kulala nilipolala mimi, na mimi nililala pale kwa sababu yeye alilala, na nilimwona? Akasema, "Maji."

"Maji?"

"Mvua ikinyesha maji yanashuka pale."

Uwongo mtupu. Pale hapajawahi kupita maji tangu dunia iumbwe, na wale watoto walijua, maana ndipo walipokuwa wanachezea mpira kabla ya viazi. Hakuna mtoto aliyefungua mdomo. Lakini Injinia aliwageukia na macho yanamng'aa, akawaambia, "Mmesikia? Hii ndiyo sababu tunakuja kuuliza wenyeji. Sisi tungejenga, nyumba ingejaa maji. Babu ameisoma ardhi miaka mingi." Akawaambia wampigie makofi ya kilo. Wakapiga. Halafu akampa Baba chaki, akamwomba aonyeshe ubaoni maji yanatokea wapi na yanaelekea wapi.

Baba alichora. Alichora mto ambao haupo, mbele ya watoto ambao Jumapili huwafundisha amri za Mungu. Watoto wakanakili kwenye madaftari. Injinia alisema mfano huo atautumia kwenye shule nyingine zote watakazokwenda. Tulirudi nyumbani Baba amenyoosha vidole vyenye chaki mbali na koti, asilichafue. Njiani aliniambia, "Costansia, yule mwanamke ni mtu mzuri." Nikamwambia ndiyo, Baba. Akasema, "Ndiyo maana inauma."

Tulikomba majivu mara ya tatu. Nyumba ikasogea. Wakachimba na mfereji wa kupitishia yale maji, na kijiji kizima tulichimba, tunajua, hakuna anayemtazama mwenzake. Mfereji ule upo mpaka leo. Mbuzi wanalala humo kukiwa na mvua, maana ndipo pakavu kuliko sehemu zote. Mahali pale walipolala wale wawili palibaki nje, chini ya ukingo wa paa.

Nilimwambia Mukabera, sikumficha kitu, hata habari ya ubao. "Amedanganya kwa ajili yangu," akasema. "Mzee wa kanisa." Na badala ya kufurahi akaona aibu mpya juu ya ile ya zamani. Lakini aibu hii ilimtoa jikoni. Alisema asipokwenda sasa, Baba atakuwa amedanganya bure.

Tofali tulifyatua wakati wa kiangazi, mabati yakaja na gari la Injinia. Uchungu ulimshika chumba kile kimoja tu ndicho kimekwisha, plasta bado, dirishani tumetundika blanketi. Tulimpeleka alfajiri kwa miguu, mimi na Mama tumemshika huku na huku. Hakuna engozi, hakuna wanaume. Mkunga akatupokea. Mukabera alisimama mlangoni kidogo, akaushika ukuta kwa kiganja, tofali lenyewe, akalisukuma kuona kama litakwenda. Ndipo akaingia.

Jua lilikuwa limeshapanda mtoto alipotoka. Alilia hapo hapo, mkali, kama anatutukana. Msichana. Mama alipiga magoti chini. Mimi nilikuwa nacheka na kamasi zinanitoka, na Mukabera alikuwa anaomba aletewe amsikie vizuri, amsikie tena.

Nikatoka kumwaga maji. Nikazunguka nyuma ya chumba, na nikamkuta Baba. Alikuwa amekaa chini ya ukingo wa paa, pale pale mahali pake, mgongo ameuegemeza ukutani, uso ameuelekeza kwenye migomba. Sijui alifika saa ngapi. Umande ulikuwa umelowesha koti lote. Sikumsalimia, nilirudi ndani kimya kimya.

Nilipoingia tu, kikaja kutoka upande wa pili wa ukuta. Kikohozi. Kikavu, kimoja, cha makusudi.

Mukabera alikuwa hoi, mtoto yuko kifuani. Lakini alikisikia, na kabla hajavuta pumzi akanyoosha mkono akavuta khanga mpaka kichwani, akajifunika yeye na mtoto, akageukia pembeni. Machozi yalikuwa yanamtiririka na bado anajifunika.

Nikamwambia, "Wifi, pumzika. Hakuoni. Kuna ukuta."

Akanijibu akiwa ndani ya khanga, "Hata siku ile niliambiwa upo."